Nguzo Zenye Mafundo

Mwakeye, wajukuu zangu wa spana na grainda. Nasikia nyie wa siku hizi hamsomi kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu, lakini leo mtanivumilia, maana kuna swali mnaniuliza kila nikipita pale kiwandani Heru Juu, na kila mara nawajibu kwa mkato kwa sababu mgongo unaniuma. Mnataka kujua kwa nini nguzo zetu zina fundo karibu na kichwa: vipande vya chuma vimebanwa pande mbili kwa bolti, kama mkono uliovunjika ukafungwa vijiti. Mmoja wenu alimwambia mteja kwamba ni urembo. Simtaji, anajijua.

Si urembo. Lile fundo lina asili yake, na ndani yake kuna ziwa, upepo, mama mmoja mkali, na kosa ambalo mtu wa nchi tambarare asingeweza kulifanya hata kwa makusudi. Sisi watu wa milimani tulilifanya tukiwa na akili zetu timamu, tena mchana kweupe.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni Yusto wa Kitahana. Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza majengo ya chuma ambayo hayakai kwetu, hasa karakana. Tunakata, tunatoboa, tunapaka rangi, tunalisimamisha jengo uwanjani kulijaribu, tunalifungua tena, tunalipakia kwenye lori. Huko linakokwenda hakuna kuchomelea wala kukata. Ni bolti na nati tu. Wateja wetu ni watu waliokaa mahali ambapo fundi akisahau nyundo hana duka la kumtuma mtu.

Aliyenifundisha ni Fundi Melkiori. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, wakalima mihogo hapa Kasulu, naye akakulia hapa akawa Mtanzania kamili. Alikuwa mfupi, sauti ndogo, macho makali. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Ukikosea alikuwa ananyamaza, na mimi ule unyamavu wake ulikuwa unaniuma kuliko fimbo zote nilizokula shuleni Kitahana.

Wiki yangu ya kwanza nilichomelea bila miwani ili vijana wenzangu waone nilivyo dume. Jioni macho yalikuwa kama yametiwa mchanga, nalia machozi ambayo siyataki. Melkiori akaja na kiazi ulaya, akakikata vipande, akanilaza chali, akaniwekea kipande kila jicho. Hakusema kitu mpaka maumivu yalipopungua. Kisha akasema kwa upole kwamba chuma bado hakinijui, nikijulishe polepole. Nyie mnaopiga picha na cheche bila miwani ili muweke mtandaoni, bei ya viazi sokoni mnaijua wenyewe.

Sasa nije kwenye sheria yake kubwa, maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Nyie mmezaliwa bodaboda zipo, kwa hiyo ingobyi mmeisikia kwa bibi zenu tu. Ilikuwa machela yetu ya kumbebea mgonjwa kumshusha mlimani hadi hospitali. Watu wanne wanaingiza mabega, wengine wanatembea pembeni, na bega likichoka anaingia mwingine huku mwendo unaendelea. Mgonjwa hawekwi chini. Ukimweka chini umewaaibisha watu wa kilima chako chote.

Melkiori aliibeba sana ingobyi ujanani, akaileta sheria yake kiwandani. Alisema kipande chochote cha jengo, hata kiwe nguzo, hata kiwe pembetatu ya paa, lazima watu wanne waweze kukibeba kwenye njia ya mlima na kupokezana bila kukiweka chini. Kikiwashinda, kinakatwa viwili na kutobolewa matundu ya kuungia. Na hakuwa anapima kwa mizani. Alikuwa anatubebesha kutoka kwenye chemchemi kule bondeni hadi barabarani, yeye anatembea nyuma mikono mgongoni. Anayetua mzigo, chuma kinakatwa. Kuna vyuma vingi vilikatwa pale kwa sababu tu usiku wake tulikunywa pombe ya ndizi.

Mwenye kiwanda alikuwa Bi Zuhura, mama wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Kasulu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye Kiha alikijua kuliko sisi, na matusi yake pia. Alikuwa anapeleka maharage kanda ya ziwa na lori linarudi na dagaa, na kwa hao watu wa dagaa ndipo alipopata habari za kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, mbali na bara, ambacho jina lake nitaliacha kwa sababu wenyewe hawapendi kusemwasemwa.

Kisiwa kile kinaishi kwa mitumbwi ya injini, na injini ikifa kulikuwa hakuna pa kuitengeneza. Wanaivuta hadi bara, na wengine inawafia katikati ya maji, upepo unawachukua unakotaka. Mwenyekiti wa umoja wa wenye mitumbwi alikuwa mwanamke, Mama Nyangeta. Mdogo wake wa kiume alizimikiwa injini kwenye maji makubwa na hakurudi, wala mtumbwi haukurudi. Tangu siku hiyo mama yule alishika jambo moja tu: kisiwa kiwe na karakana yake. Akahangaika mpaka wafadhili wakawapatia mashine ya kuchonga vyuma na jenereta yake, kwa sharti moja. Mashine italetwa na meli ya mizigo, na meli ikifika ikakuta hakuna jengo la kuiweka, inaendelea nayo hadi kisiwa kingine.

Kabla yetu alikwenda mkandarasi mwingine. Alipeleka vyuma virefu na vizito, akashindwa kuvipandisha kutoka ufukweni hadi kijijini, kwa sababu njia ni mwamba mtupu na inapanda. Akavitelekeza palepale mchangani, watoto wakavifanya bembea. Ndiyo maana Bi Zuhura alipomwambia Mama Nyangeta kwa simu kwamba watu wake wa Kasulu watapandisha jengo zima kwa mabega, yule mama alicheka. Bi Zuhura akaapa. Na Bi Zuhura akiapa, wanaohangaika ni sisi.

Tukaitengeneza karakana ile kwa mapenzi, nawaambia kweli. Nguzo za chaneli, kile chuma chenye umbo la mfereji, nne kila upande mrefu. Pembetatu za paa kila moja vipande vitatu. Alama za kuonyesha kipi kinakaa wapi hatukuandika kwa chaki, maana chaki huliwa na mvua, wala kwa rangi, maana rangi hukwanguka. Tuligonga vitone kwenye chuma chenyewe, ili hata mtu asiyejua kusoma apapase kwa kidole ajue. Hilo mliige, halijapitwa na wakati.

Kisha tukaisimamisha uwanjani kuijaribu. Mnaujua uwanja wetu. Umeinama kuelekea bondeni kama kila kitu kilivyoinama kwetu. Sisi Waha tunazaliwa kwenye mteremko, tunalima kwenye mteremko, tunacheza mpira kwenye mteremko na timu ya upande wa chini ndiyo inayokimbilia mpira ukitoka. Mteremko hatuuoni tena. Kwa hiyo tulipoona paa limeinuka upande wa mlimani, hakuna aliyeuliza ardhi ikoje. Tulileta mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha usawa, tukapima vichwa vya nguzo, tukaona upande wa mlimani umezidi kama shubiri moja, tukakata miguu ya nguzo nne za upande ule. Tukapima tena. Maji yakakaa sawasawa pande zote, paa limenyooka, raha tupu. Ndipo tukachomelea vitako vya chini, vile vibamba vya kufungia nguzo sakafuni. Bi Zuhura akaja na soda za kila mtu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tulichokifanya, si mimi wala si Melkiori. Siku hizi simu zenu mnaziweka kwenye boriti, kioo kinawaambia pamenyooka, mnafurahi. Sisi tulikuwa na mpira wa maji na furaha ileile.

Safari ilikuwa nzuri mpaka maji yalipoanza. Tulipita Kibondo tukala nyama sokoni, tukapita Nyakanazi, tukafika ziwani tumejaa vumbi maana lami wakati huo ilikuwa bado inatandazwa. Pale ndipo nilipowaona mashujaa wa Kasulu, wanaume wanaobeba chaneli wakipiga mluzi, wameshika kingo za boti kwa mikono miwili na macho yamefumbwa. Mimi nilitapika hadi nyama ya Kibondo ikaisha. Melkiori alikaa katikati ya mzigo, amekumbatia mabati, anasali kwa Kirundi.

Lakini tulipokanyaga nchi kavu, tukawa sisi tena. Mama Nyangeta alikuwa anatungoja ufukweni na kanga kiunoni, mrefu, hakutabasamu. Akatuonyesha njia ya kupanda, kisha akatuonyesha vile vyuma vya bembea. Melkiori akatazama njia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa sauti yake ndogo, "Hii ni ndogo kuliko ya chemchemi yetu."

Tukaingiza mabega. Watu wanne, wengine pembeni, bega likichoka anaingia mwenzake, hakuna kutua. Wanakisiwa walisimama kutazama, kisha vijana wao wakaanza kuingia kwenye zamu bila kuambiwa, na kabla jua halijapinda mzigo wote ulikuwa juu kijijini. Nguzo, mapembetatu, mabati, kila kitu. Wazee wao wakatupa mikono ya pongezi. Nilijiona mrefu kuliko kawaida yangu siku ile, na sioni aibu kusema. Mama Nyangeta akaagiza tupikiwe ugali na sangara.

Asubuhi yake tukasimamisha nguzo mbili za kwanza juu ya sakafu ya zege ambayo wenyewe walikuwa wameimwaga tayari, bolti za nanga zimechomoza mahali pake, imenyooka vizuri sana. Tukapandisha pembetatu ya kwanza. Upande mmoja ukafika kwenye matundu yake. Upande wa pili ulibaki umeshuka kama mtu aliyepiga goti moja. Tukafikiri nguzo haijakaa. Tukaitikisa, imekaa. Tukaleta nguzo nyingine ya upande uleule, fupi vilevile. Nikashika mpira wa maji, nikapima, na ndipo nilipokumbuka uwanja wetu.

Mama Nyangeta alikuwa amesimama nyuma yetu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mafundi," akasema, "hili jengo lenu linasimama au linachutama?"

Nikamtazama Melkiori nikingoja ule unyamavu wake. Akaketi juu ya mabati, akashika kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mtu ambaye sikuwahi kumwona hata akionyesha jino. "Yusto," akasema, "tumeileta Kasulu yote huku, hata mteremko wake."

Basi wote tukacheka, kicheko cha watu waliokwisha. Maana tulijua tumefikia wapi. Meli yenye mashine ilikuwa inakuja wiki ileile. Jenereta na mashine ya kuchomelea tulikuwa tumeviacha Kasulu kwa majivuno, eti jengo letu halihitaji kuchomelewa. Kisiwani kulikuwa na sola za kuchajia simu na taa za kuvulia, si za kazi yetu. Mwenzetu mmoja akanong'ona tujaze mawe chini ya nguzo fupi, tuwaambie wenyeji ndivyo ilivyochorwa. Nikamwambia bolti za nanga zitakuwa hazifiki juu ya mawe, na jengo ambalo halijashikwa chini upepo wa ziwa unalivua kama kofia. Melkiori yeye hakujali hata habari ya upepo. Alisema mficha uchi hazai, akainuka, akaenda kumwambia Mama Nyangeta kila kitu, kuanzia uwanja hadi soda.

Yule mama alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea matusi. Alituambia tu kwamba yule wa kwanza alivikimbia vyuma vyake vikiwa ufukweni, na sisi vya kwetu viko juu, kwa hiyo hatuna njia ya kukimbilia. Akatuambia tumfuate.

Alitupeleka kwa mafundi mitumbwi wao. Walikuwa na mtumbwi umepinduliwa, ubao wa ubavuni ulipungukiwa urefu, na fundi alikuwa ameweka kipande kingine mbele yake, kisha juu ya maungio akapandisha ubao wa tatu unaoshika vyote viwili, misumari huku na huku. Akaupiga teke kutuonyesha. Haukutikisika.

"Sisi ubao ukipungua hatutupi mtumbwi," Mama Nyangeta akasema. "Tunaunga. Nyie chuma chenu hakiungwi?"

Nikamwona Melkiori anabadilika uso. Akanigeukia akaniuliza vile vipande vya miguu tulivyovikata viko wapi. Hapa inabidi niwaeleze tabia yake nyingine. Alikuwa hatupi kipande cha chuma, hata kiwe cha urefu wa kidole. Akiba haiozi, alikuwa anasema, ila ya chuma inashika kutu, kwa hiyo ipake rangi. Vile vipande vinne vya shubiri moja alivipaka rangi, akavipanga kwenye lori katikati ya mabati yasisuguane. Vilikuja na sisi. Vilipanda boti. Vilipandishwa mlima kwa mabega. Nikakimbia kuvitafuta kwenye mzigo, havipo. Nikauliza huku na kule, jasho linanitoka, mpaka nikafika kwa akina mama waliokuwa wanatupikia. Vitatu vilikuwa mafiga, sufuria ya ugali juu yake, moto unawaka. Cha nne kilikuwa kimefungiwa mbuzi.

Ugali wa siku ile ulichelewa. Mpishi alinisema sana, na mbuzi alitoroka akala mchicha wa watu, nikasemwa tena. Vipande vikapoa, vikapigwa brashi, vikawa vinne kamili.

Kazi sasa ilikuwa hii. Kila nguzo fupi iwekewe kipande chake juu ya kichwa, kisha maungio yabanwe pande zote mbili kwa engo, vile vyuma vya pembe, kama ule ubao wa tatu wa mtumbwi. Engo za akiba tulikuwa nazo, Melkiori tena. Lakini matundu mapya yalikuwa mengi, kwenye nguzo, kwenye kipande, kwenye engo, na chombo cha kutobolea kilikuwa kimoja: kekee, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo nyie mkiiona mnaiita kitu cha makumbusho. Mtu mmoja akizungusha kekee kwenye chaneli, tundu la pili tu mkono unakataa. Meli isingetungoja.

Ni Melkiori aliyesema neno moja, "Ingobyi." Akawapanga watu wanne wanne, Waha na wanakisiwa wamechanganyika. Mmoja anazungusha, mmoja anabana kutoka juu kwa kifua, mmoja anadondoshea mafuta ya kupikia, mmoja anangoja, na mkono ukichoka anaingia mwenzake huku kekee inazunguka. Kekee haikuwekwa chini. Tulipokezana mchana kutwa na kesho yake na iliyofuata, wavuvi wakaleta nyimbo zao za kupigia makasia, sisi tukaleta za kulimia, zikagongana mpaka zikapatana. Mama Nyangeta mwenyewe alishika zamu. Alibana kwa kifua kuliko wanaume wengi.

Sikilizeni hapa, maana hili ni la mikono yenu. Kabla hamjatoboa, gongeni kitone ili ncha isiteleze. Anzeni na ncha nyembamba, kisha nene. Mafuta kidogo kidogo, msimwage. Ncha ikianza kupiga kelele ya kulia, mmeikandamiza mno. Ikinyamaza kabisa, hamuikandamizi vya kutosha au imekufa. Na mkifika kwenye kufunga, msikaze bolti hata moja mpaka zote ziwe zimeingia kwenye matundu yake. Vijana wengi wanakaza ya kwanza kwa nguvu zote za ugali, kisha wanashangaa ya mwisho haiingii, wanaanza kugongagonga kwa nyundo. Jengo lifungwe likiwa bado linacheza kidogo, ndipo mzunguke nalo mkikaza kidogo kidogo.

Nguzo zikawa sawa. Nilipima kwa mpira wa maji, safari hii juu na chini, maji yakakaa. Mapembetatu yakapanda, yote manne, kila bolti ikaingia bila nyundo. Tukapaka rangi mafundo mapya, na hapo wadudu wa ziwani wakatoka majini kwa wingi kama moshi, wakaja kunata kwenye rangi mbichi. Hadi leo ukikaribia zile nguzo unaona mabawa. Mabati tukayapandisha tukiyalaza kwa kupishana upande ambao upepo hautoki, na skrubu za pembeni tukaweka mara mbili ya tulizozoea kwetu, kwa sababu wenyeji walituonya.

Walituonya kwa sababu. Skrubu ya mwisho ilikuwa haijapoa mkononi ziwa likageuka rangi, saa sita mchana, na upepo ukaja na mvua ya kulala, inayopiga kutoka ubavuni. Watu wote waliokuwa karibu wakakimbilia ndani ya karakana, akina mama na masufuria, mbuzi yuleyule, sisi. Mabati yakanguruma. Mimi sikutazama paa. Nilitazama mafundo manne tu, moja baada ya jingine, nikirudi tena kwenye la kwanza. Mama Nyangeta aliingia wa mwisho, ameloa, akaja moja kwa moja hadi kwenye nguzo niliyokuwa naitazama, akaweka kiganja chake juu ya fundo, akakiacha pale mpaka upepo ulipokwisha. Kisha akanitazama.

"Ndugu yangu angeingia humu," akasema.

Nikamwambia pole. Nilikuwa na furaha na huzuni, vyote kwa pamoja.

Meli ilikuja, na karakana ilikuwa imesimama, inaonekana kutoka majini, mabati yanang'aa. Mashine ilikuwa na uzito ambao hakuna ingobyi ingeuweza, lakini mti hauendi ila kwa nyenzo, tukakata magogo tukaiviringisha juu yake, kijiji kizima kimeshika kamba, wakubwa na wadogo. Mtu aliyekuja na mashine alizunguka jengo akipiga picha. Alipofika kwenye mafundo akauliza hayo ni nini. Nikafungua mdomo, Melkiori akanitangulia. Alimweleza ukweli wote, na yule bwana akacheka mpaka akapigia simu wenzake kuwasimulia. Mashine ikabaki.

Tuliporudi Kasulu Bi Zuhura alitaka kuusawazisha uwanja kwa greda. Melkiori akakataa. Alisema uwanja ulioinama ukijulikana umeinama ni mwalimu mzuri. Badala yake tukaanza kutengeneza kila nguzo na fundo lake la kuungia tangu mwanzo, lenye matundu ya kupandisha na kushusha, ili sakafu ya huko iendako ikiwa na wazimu wake, nguzo iufuate. Ndiyo hiyo mnayoiita urembo. Imekwenda visiwa vingine na vingine, imekwenda kambi za wakimbizi, imekwenda machimboni. Mwaka mmoja kijana wetu mjuaji akatuma nguzo laini zisizo na fundo kwenye kisiwa jirani na kile cha kwanza. Wakampigia Bi Zuhura simu wakilalamika kwamba wameletewa bandia.

Melkiori bado yupo, kama mjuavyo, anakaa pale nyumbani kwake Heru Juu na bado anawauliza wageni kipande walichobeba kinawezwa na wangapi. Mwaka jana, miguu yangu ikiwa bado inanikubalia, nilikwenda kisiwani peke yangu kuaga. Nilitapika tena njiani. Niliikuta karakana imesimama palepale, rangi imefifia, mafundo na mabawa yake. Fundi wa pale sasa ni mtoto wa yule mdogo wake Mama Nyangeta, alimwacha tumboni, leo ana ndevu. Alikuwa ameinamia injini, hakunijua. Mama Nyangeta alinijua. Ameinama mgongo kidogo kama mimi. Akanivutia kiti.

Nikamuuliza kama bado anashuka ufukweni kungoja mitumbwi iliyochelewa, maana wakati ule alikuwa anasimama pale kila jioni, hata mvua inyeshe.

"Siku hizi siendi, kaka," akasema. "Mtu wangu akichelewa nakuja hapa kumtafuta. Namkuta anangoja injini yake, anakunywa chai."

Walikuwapo watatu siku ile, wamekaa kwenye kivuli cha paa, vikombe mkononi. Wakasogea wakanipa nafasi, nikaegemea nguzo, nikamiminiwa na mimi.